Farasi hanywi maji njiani: matatizo ya safari ndefu kutoka Malaba hadi Mbarara, sababu zake na la kufanya

Kutoka Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, hadi Mbarara, magharibi mwa Uganda, ni karibu kilomita 500. Ukiitazama ramani utasema ni safari ya siku moja, na kweli ni ya siku moja, ila siku yenyewe ni ndefu. Ongeza foleni ya malori mpakani, matuta ya kila senta, jamu ya Kampala, na mahali alikotoka farasi upande wa Kenya, uone amesimama ndani ya lori saa ngapi. Malalamiko ya masaisi (watunza farasi) na madereva baada ya safari hizi ni yaleyale: amekataa maji, amelowa jasho, mkojo umebadilika rangi, anagaagaa, anakohoa siku ya pili. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Mengi yana mzizi mmoja, nao ni kwamba lori halikusimama.

Kwanza, pima akiwa mzima

Usingoje augue ndipo utafute kipimajoto. Siku mbili kabla ya safari, akiwa bandani ametulia, pima joto kwa njia ya haja kubwa: farasi mkubwa mzima huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Mapigo ya moyo ni 28 hadi 44 kwa dakika. Utayapata kwa vidole viwili kwenye mshipa unaopita chini ya mfupa wa taya. Pumzi ni 8 hadi 16 kwa dakika. Bonyeza ufizi kwa kidole gumba hadi uwe mweupe, kisha uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili, na ufizi uwe na utelezi. Andika hayo kwenye karatasi, ubandike karibu na kiti cha dereva. Ukimpigia daktari saa nane usiku ukiwa Lukaya na huna namba hizo, atabaki kubahatisha tu.

Dalili: hanywi maji

Hakikisha kwanza kama kweli hanywi, kwa maana wengi hudanganyika hapa. Farasi anaweza kutumbukiza midomo, akachezea maji, akaondoa kichwa huku maji yakimchuruzika, na saisi akaapa kwamba amekunywa. Tazama masikio na shingo. Akimeza kweli, masikio hucheza kidogo kwa kila funda, na upande wa kushoto wa shingo utaona funda likishuka. Zaidi ya hapo, weka alama ya kalamu ndani ya ndoo. Farasi wa kilo 450 hadi 500 hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na njiani huweza kupoteza kilo mbili hivi za uzito kila saa, nyingi zikiwa maji. Akinywa lita tano kutwa nzima, hajanywa.

Sababu ya kwanza, na ndiyo inayopatikana mara nyingi kuliko zote, ni *maji mageni*. Maji ya bomba ya mjini yana harufu ya dawa, ya kisima cha pampu yana ladha ya chuma, na farasi hujua tofauti. Beba maji ya nyumbani, jerikeni tatu au nne za lita 20 kwa kila farasi. Na hapa pana mtego wa Uganda: jerikeni nyingi za njano zilianza maisha zikiwa na mafuta ya kupikia. Wewe huwezi kunusa chochote, yeye ananusa. Tumia zilizokwisha kubeba maji miezi mingi, na zifunike zisichemke juani, kwa sababu maji ya moto yenye harufu ya plastiki nayo huyakataa.

Kama huwezi kubeba maji ya kutosha, mzoeshe ladha moja. Molasi si shida kupatikana kwetu, mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi yapo barabarani hapohapo. Anza siku nne au tano kabla: nusu kikombe kwenye ndoo ya maji, kila siku, ndoo ileile utakayosafiri nayo. Njiani utatia kipimo kilekile kwenye maji ya popote. Kuianza molasi siku ya safari hakusaidii kitu, umemwongezea kigeni kingine. Farasi aliyewahi kuugua kwato kwa sababu ya sukari au unene usimpe kabisa.

Sababu ya pili ni *hofu na kelele*. Injini ikinguruma hanywi. Zima, shuka, mpe dakika 20 hadi 30. Karibu kila farasi hukataa mara ya kwanza. Mpe nyasi kidogo, atafune, kisha umrudishie ndoo. Na chagua mahali. Namawojjolo kwenye barabara ya Jinja ni pazuri kwa tumbo la dereva, ila wauza kuku watakimbilia lori wakiwa na vijiti vya nyama na chupa za soda mpaka kwenye mbao za ubavuni, na farasi aliyekuwa ametulia ataanza kupiga mateke. Dereva ale, lakini lori lisimame mbele au nyuma ya hapo, kivulini.

Ya tatu ni *kusimama kwa nadra*. Kila saa tatu hadi nne, maji. Sisemi kila mji, nasema kila saa tatu hadi nne, hata kama mko kwenye foleni Malaba na karani bado ana karatasi zenu.

Ya nne ni *chumvi kupungua*. Farasi aliyetoka jasho sana hupoteza chumvi, na mwili usipokuwa na chumvi ya kutosha kiu haiji. Siku tatu kabla ya safari mpe kijiko kimoja cha mezani cha chumvi asubuhi na kimoja jioni kwenye chakula, huku akiwa na maji tele. Chumvi ya Katwe wanayolambishwa ng'ombe ina mchanganyiko wa chumvi nyingine. Kwa kupima kwa kijiko tumia chumvi ya jikoni. Ukitia chumvi kwenye maji, weka na ndoo ya pili ya maji matupu. Na aliyekwisha kukauka usimlishe chumvi kabla hajanywa, kwani itavuta maji ya mwilini kuyaingiza tumboni.

Ya mwisho, nadra lakini mbaya: *amekabwa na chakula*. Chakula na maji vinatoka puani, anakohoa, ananyoosha shingo. Ondoa chakula na maji yote, mwache ainamishe kichwa, mwite daktari.

Wakati unasubiri kiu ije, mpitishie maji kwenye chakula. Loweka nyasi kavu kwenye ndoo dakika 30 kabla ya kumpa. Pumba za ngano alizozizoea nyumbani, zikoroge ziwe uji mwepesi. Wengi wanaokataa ndoo huunywa uji huo bila ubishi.

Usimimine maji mdomoni kwa chupa. Ng'ombe hunyweshwa dawa hivyo kila siku na mtu huona ni jambo dogo, lakini kwa farasi maji hayo huishia kwenye mapafu. Mpira wa kupitisha puani hadi tumboni ni kazi ya daktari peke yake.

Simama na uite daktari ikiwa zimepita saa nane hajanywa na fizi zinanata, au rangi ya ufizi inachukua zaidi ya sekunde tatu kurudi, au mapigo hayashuki chini ya 60 baada ya nusu saa ya kupumzika. Anahitaji maji ya mpira au dripu. Molasi haitamsaidia tena.

Dalili: amelowa jasho, au hana jasho kabisa

Jasho jingi kwa kawaida ni hewa. Turubai limefungwa pande zote dereva akiogopa mvua, na lori limesimama juani Malaba au Kibuye mjini Kampala. Lori linalotembea hujipuliza. Likisimama linakuwa tanuri. Fungua pande za juu zote mbili, vua blanketi (wengi humvalisha kwa sababu ya baridi ya Timboroa huko Kenya, kisha wanamsahau nalo hadi Tororo), na jaribu kutoka alfajiri. Kusafiri usiku kucha kungemfaa farasi, lakini malori yaliyoharibika bila taa kwenye barabara zetu hayamfai mtu yeyote. Alfajiri inatosha.

Baada ya hewa, fikiria woga, kisha maumivu. Jasho la viraka ubavuni pamoja na kutazama tumbo si la joto. Nenda sehemu ya tumbo hapa chini.

Joto likifika nyuzi 40 shughulika papo hapo. Kivuli, upepo, na maji mwili mzima, ndoo baada ya ndoo, bila kuacha. Maji baridi hayamdhuru. Taulo lililolowa na kuachwa mgongoni ndilo baya, kwa sababu linapata moto na kuzuia hewa. Likifika 41 au akianza kuyumba, endelea kummwagia huku mwenzako akipiga simu.

Asiyetoka jasho wakati wenzake wamelowa anatisha zaidi. Farasi waliozoea nyanda za juu wakihamia kwenye joto na unyevunyevu wa ukanda wa ziwa, wapo wanaopoteza uwezo wa kutoa jasho. Anahema haraka, ngozi ni kavu na ya moto. Huyo hasafiri mchana hata kidogo.

Dalili: hakojoi, au mkojo umebadilika rangi

Hakojoi: mara nyingi hataki tu kukojoa. Dume na aliyehasiwa hasa hawapendi mkojo kuwarukia miguuni, tena lori likiyumba hawawezi kutanua miguu. Mwaga maranda mengi sakafuni, juu ya mikeka ya mpira. Mkisimama mahali salama penye uzio, mshushe kwenye nyasi, na saisi apige mluzi wa chini anaoupiga nyumbani. Waliozoeshwa mluzi hukojoa ndani ya dakika mbili.

Rangi: mkojo wa farasi kwa asili ni mzito na una ukungu, usishtuke. Manjano iliyokolea na kiasi kidogo ni upungufu wa maji, rudi kwenye ndoo. Ukiwa mwekundu au wa kahawia, tazama mambo mawili. Kama misuli ya matako ni migumu, anatetemeka na hataki kupiga hatua, misuli inavunjika na rangi hiyo inapita kwenye figo. Usimtembeze, usimpakie tena, mwite daktari. Kama ana homa na fizi zimepauka au zina umanjano, shuku ugonjwa wa kupe: farasi wengi wa eneo letu hubeba vimelea hivyo kimyakimya, na uchovu wa safari huviamsha.

Kwenye duka la dawa za mifugo utaambiwa umchome diminazini, kama ng'ombe mwenye ndorobo. Kataa. Ng'ombe huistahimili, kwa farasi nafasi kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni finyu mno, na sindano hiyo isiamuliwe na mtu asiye daktari.

Dalili: anakwaruza chini, anatazama tumbo, anagaagaa

Anza na mavi. Farasi hutoa mafungu 8 hadi 12 kwa siku, na kwenye lori yanahesabika kwa urahisi kwani hayaendi popote. Yakiwa machache, madogo, makavu, yamefunikwa na utando wa kamasi, utumbo unakauka. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya tumbo la safari, na chanzo chake ni maji yaleyale aliyoyakataa saa kumi zilizopita. Weka sikio ubavuni, kushoto na kulia. Ngurumo ni afya. Kimya cha dakika mbili pande zote mbili ni hatari.

Sababu ya pili ni kubadilishiwa chakula. Nyasi za nyumbani zimekwisha, mtu amekata matete mabichi kando ya barabara, akajaza wavu. Beba nyasi za safari yote na za siku tano baada yake.

Ya tatu sijaiona ikitajwa vya kutosha: dawa ya kupe ya ng'ombe. Amitrazi hunyunyizwa kila zizi kuanzia Kiruhura hadi Nakasongola, na mtu mwema anaweza kuamua kumwogesha farasi wako nayo kabla ya safari ili aende msafi. Kwa farasi, amitrazi hupunguza mwendo wa utumbo hadi ukaziba. Ukiongezea na kiu, umepata mkosi kamili. Uliza kila mahali alikolala kama amenyunyiziwa kitu, na ni kitu gani.

Ya nne, chakula cha kuku au cha ng'ombe kilichonunuliwa njiani kwa kukosa kingine. Baadhi yake kina monensini au salinomaisini, dawa zinazotiwa kwenye chakula cha mifugo. Kuku hunufaika, farasi huharibika moyo, na kiasi kidogo kinatosha. Huyu hataonyesha tumbo tu: atatoka jasho, atadhoofika miguu ya nyuma, ataanguka. Hakuna dawa ya kuiondoa. Pumba za mahindi zenye ukungu nazo usimpe; sumu yake hula ubongo wa farasi. Ukikwama bila chakula, nyasi kavu za kawaida kutoka kwa mfugaji, zisizo na ukungu, ni bora kuliko mfuko wowote wa dukani.

La kufanya: ondoa chakula, mwachie maji, mtembeze polepole dakika 10 hadi 15, kisha mwache asimame. Akilala kimya, mwache alale. Kumburura saa nzima ili asilale kunamchosha tu. Usimpe dawa ya maumivu mara mbili kwa sababu ya kwanza haikuonekana. Itaficha hali yake daktari asiione.

Daktari sasa hivi ikiwa mapigo yamepita 60, fizi ni nyekundu iliyoiva au za zambarau, anajibwaga chini kwa nguvu, au maumivu yamerudi baada ya dawa. Na hili lipange kabla ya safari: madaktari wengi wa wilaya shughuli yao ya kila siku ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Pata namba za wawili waliowahi kumpitisha farasi mpira puani, mmoja upande wa Jinja na Kampala, mwingine upande wa Mbarara, na wote wawe wanajua utapita lini.

Dalili: hatulii, anapiga mateke, anaangukaanguka

Kabla ya kumlaumu farasi, mtazame dereva. Weka ndoo yenye maji hadi nusu nyuma ya lori tupu, mwambie apite matuta matano na kona mbili. Maji yakimwagika, ndivyo farasi anavyomwagika. Kisha tazama nafasi: asiyeweza kutanua miguu huanguka. Kisha sakafu yenye utelezi, hasa lori lililobeba ng'ombe jana. Hilo lioshwe kwa sabuni kwa sababu nyingine pia: ugonjwa wa midomo na miguu haumpati farasi, ila kwato zake na magurudumu yenu vinaweza kuubeba. Palipo na karantini ya ng'ombe afande atakusimamisha vilevile. Usibishane naye kuhusu elimu ya mifugo. Mpe kibali cha wizara, cheti cha afya na kibali cha kusafirisha, vyote kwenye faili moja, kwani kila dakika ya ubishi farasi yumo juani.

Dawa ya kumtuliza haitolewi na dereva. Inamlegeza miguu na kuvuruga joto la mwili.

Miguu ikivimba yote minne bila joto wala maumivu, ni kusimama tu, itapungua akitembea. Mguu mmoja, wenye moto, ni jeraha au usaha.

Dalili: siku moja hadi tatu baada ya kufika, amenyong'onyea, ana homa, anakohoa

Sababu ya kwanza ni kichwa kufungwa juu. Farasi husafisha njia ya hewa kwa kuinamisha kichwa. Ukimfunga kamba fupi saa kumi, vumbi la nyasi na vijidudu hubaki kwenye mapafu, na mwili uliokauka hauna hata kamasi nyepesi ya kuvisukuma nje. Kwa hiyo kila mkisimama, legeza kamba hadi pua ifike chini ya magoti, dakika 20 na zaidi. Lowesha nyasi za wavuni. Safari ikizidi saa 12, lala njiani na umshushe. Jinja ni mahali pazuri pa kuikata.

Pima joto asubuhi na jioni kwa siku tatu baada ya kufika, hata akionekana mzima, na usimpande katika siku hizo. Homa ya 38.6 na kuendelea pamoja na kukosa hamu ya kula inatosha kumwita daktari. Usingoje kikohozi, wala usimalizie chupa ya dawa iliyobaki ya ng'ombe.

Ila si kila homa ya kufika ni ya lori. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na visubi, wanaouma zaidi jioni na alfajiri, na punda milia hubeba virusi hivyo bila kuugua. Anayempeleka farasi karibu na Ziwa Mburo anampeleka kwa punda milia. Dalili za kutofautisha ni uvimbe kwenye vishimo vya juu ya macho, pumzi za haraka ghafla, na povu jingi puani. Aina ya mapafu huua kwa saa chache. Chanjo ipo, lakini ni ya kupangwa na daktari wiki kadhaa kabla ya safari. Njiani, ukiacha ile ya kutoka alfajiri kukwepa joto, pakia na shusha kukiwa mchana kweupe, na usilale karibu na kinamasi.

Ukiona povu hilo, mwache asimame kivulini, usimguse kwa sindano yoyote, tenga wenzake bandani penye wavu, na umpigie daktari wa mifugo wa wilaya. Mwambie safari ilianza lini na wapi, mlilala wapi, chanjo ya mwisho ni lini, na joto la kila asubuhi tangu mlipofika. Akifa kabla daktari hajafika, mzoga usifukiwe mpaka auone na kuchukua sampuli.